Dresa wa Nyuma ya Ukuta

Jina lake nalijua vizuri sana, lakini kwangu hamtalisikia. Si siri, wala sijasahau. Kichwa changu bado kiko sawa, asanteni kwa kuuliza. Alikuwa binamu wa baba mkwe wangu, na huku kwetu Gusii hiyo ina maana kwamba naye alikuwa baba mkwe wangu vilevile. Mimi sikulelewa kumtaja baba mkwe kwa jina kana kwamba ni mtoto ninayemtuma chumvi dukani. Basi nitamwita kama walivyomwita watu wote wa upande wetu wa Manga: Dresa. Alifunga vidonda na kugeuza wagonjwa wodini mjini Kisii kwa miaka mingi, na alipostaafu akarudi nyumbani kulima pareto, cheo kilirudi pamoja naye.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mabega yameinama kidogo kwa kuzoea kuinamia vitanda vya watu. Alivaa koti la kijivu lenye mifuko minne na kila mfuko ulikuwa na kazi yake: kipande cha sabuni, kitambaa safi, Biblia ndogo, na kiko. Hicho kiko nitakirudia. Maneno yake yalikuwa machache, hasira yake ilikuwa karibu, na kushukuriwa hakutaka kabisa. Ukimshukuru alikuuliza kama umenawa mikono.

Mimi nipo hai kwa sababu ya mtu huyo, na hakuwahi kunigusa hata kwa kidole.

Nieleze ugonjwa kwanza. Nikiwa mdogo nilishikwa na kifaduro, kile kikohozi cha watoto kinachovuta pumzi kama jogoo, na kilipoondoka hakikuondoka chote. Tangu hapo kila asubuhi niliamka kifua kimejaa makohozi, mazito, ya kijani, yananata kama uji wa wimbi uliolala. Nilikohoa mpaka machozi, yakatoka kidogo, mengine yakabaki ndani yakinikoroma. Wakati nikiposwa ilikuwa kiangazi, na kiangazi nilikuwa na nafuu, basi wakaona msichana mzima, mchapakazi, anayejua kusoma. Mvua zikaja nikiwa nimeshaolewa. Hee! Nilikohoa kanisani mpaka mhubiri akawa ananisubiri nimalize ndipo aendelee.

Mama mkwe wangu hakuwa mtu mbaya, Mungu anajua. Aliogopa tu. Siku zile mtu akikohoa hivyo jina lilikuwa moja, kifua kikuu. Nilipelekwa hospitalini, wakapima makohozi yangu mara tatu, wakaniandikia karatasi kwamba si kifua kikuu, wakanipa vidonge. Lakini mama mkwe hakujua kusoma, na kikohozi alikisikia kila siku. Kikombe changu kikatengwa. Sahani yangu ikawa inakaa peke yake juu ya uchaga. Nilipojifungua Moraa, mtoto wangu wa kwanza, mama mkwe akaanza kusema polepole, mara jikoni, mara shambani, kwamba mtoto aachishwe ziwa alelewe naye, na mimi nirudi kwetu nikauguzwe na mama yangu mzazi. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho, anakuja mara moja kwa mwezi. Nililala na mtoto wangu kifuani nikiwaza siku watakayomchukua.

Siku aliyokuja Dresa hakuja kwa ajili yangu. Alikuja kwa baba mkwe kuuliza habari za mbuzi. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba yangu, nakohoa. Wakaniambia baadaye kwamba aliacha habari za mbuzi katikati, akageuza sikio kuelekea nyumba yangu.

"Huyo ni nani?"

"Mke wa kijana wetu," baba mkwe akasema kwa aibu. "Ana kifua."

"Kila mtu ana kifua. Alipimwa?"

Karatasi ikaletwa. Akaisoma mbele ya mama mkwe, kwa sauti, akageuza na upande wa nyuma ambao haukuwa na kitu, akausoma na huo. Kisha akasema, "Hakuna kifua kikuu hapa. Huyu mama, mirija ya mapafu yake imelegea, imekuwa na vifuko, na makohozi yanakaa humo yanaoza. Vidonge peke yake havitayatoa. Hutolewa kwa mikono."

"Basi mtoe," akasema baba mkwe.

Mara akajishika mdomo. Hata mimi kule ndani nilijifunika leso usoni.

Kwa asiyejua: kwetu kuna ensoni, heshima yenye mipaka. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe. Hamgusi mke wa mwanawe, hakai naye mkeka mmoja, na mke naye akimwona njiani humpisha. Baba na mwana nao wana mipaka yao hivyo hivyo. Ni babu na mjukuu tu wanaoweza kutaniana, kushikana na kuvutana masikio bila mtu kuona vibaya. Hatukuiona ensoni kuwa mzigo. Tulikaa ndani yake kama mtu anavyokaa ndani ya nyumba. Lakini siku ile mtu pekee kwenye mlima wetu aliyejua kutoa makohozi kwa mikono alikuwa mtu ambaye mikono yake haikuweza kufika kwangu.

Dresa akatoa kiko chake mfukoni, akakitia mdomoni, akakinyonya. Kisha akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba yangu. Nikasikia sauti yake upande wa pili wa ukuta, pale pale kichwani pangu.

"Kitanda chake kiko upande gani?"

"Upande huo huo," akajibu wifi yangu Kerubo.

"Vizuri. Wewe Kerubo una mikono?"

"Ninayo, tata," akasema, yaani baba kwa lugha yetu.

"Basi leo utaniazima."

Wifi yangu Kerubo alikuwa dada mdogo wa mume wangu, msichana wa kucheka sana, na yeye na mimi tulikuwa rika moja katika mambo hayo, hakuna mpaka kati yetu. Dresa akamfundisha uani kwa kutumia gunia la maua ya pareto yaliyokauka. Alimwambia akunje mkono kama anayeteka maji mtoni, vidole pamoja, gumba limebanwa. Alipiga gunia kwa kiganja kilichonyooka, kisha kwa mkono uliokunjwa. "Sikiliza. Hilo la kwanza ni kofi, linasema pwaa, na linaumiza. Hiki ni kikombe, kinasema po. Nataka po." Kerubo akapiga gunia mpaka vumbi la pareto likawapigisha chafya wote wawili. Dresa hakucheka. Akasema, "Tena."

Kesho yake asubuhi, kabla sijala chochote, magogo mawili ya mkaratusi yaliwekwa chini ya miguu ya kitanda changu upande wa miguuni, ili kichwa changu kiwe chini na kiuno juu. Nikalala nikijiona mjinga kabisa. Kerubo akasimama na mikono yake miwili ya vikombe. Na nje ya ukuta, Dresa akatoa amri.

"Alale ubavu wa kushoto. Piga mbavu za kulia, pole pole, usipumzike. Usiguse uti wa mgongo. Usishuke chini ya mbavu, huko kuna figo. Po, po, po. Hapo. Panda kidogo. Umepita, rudi."

"Tata, unaonaje?" Kerubo akauliza.

"Sioni. Nasikia. Nyamaza upige."

Alikuwa ameweka sikio lake ukutani. Baada ya muda akasema, "Sasa avute pumzi kwa utaratibu. Atoe kwa nguvu, mdomo wazi, kama anayetia ukungu kwenye kioo. Haa! Tena. Haa! Sasa akohoe."

Nikakohoa. Kitu kikaachia ndani yangu, chini kabisa, mahali ambapo sikujua kuna mahali. Yakatoka. Yakatoka tena. Nilijaza nusu ya kopo la mafuta ya kupikia ambalo Kerubo alikuwa ameliwekea majivu. Halafu nikavuta pumzi, na hewa ikaingia mpaka huko chini, baridi, tamu, hewa ya asubuhi ya Manga ambayo watu wengine walikuwa wakiivuta bure miaka yote hiyo. Nililia. Siyo kwa maumivu, nililia kwa raha. Kerubo naye akalia kwa kuwa mimi nalia.

Nje, Dresa akagonga kidirisha changu cha mbao kwa kiko chake mara mbili: ko, ko. Akaenda zake bila kuaga.

Hiyo ndiyo ikawa alama yake. Alikuja asubuhi nyingi katika mwezi ule wa kwanza, baadaye mara moja moja, akipita kwenda shambani. Hakuniamkia wala mimi sikumwamkia. Alisikiliza, akaelekeza, na kifua kikiwa kimesafika aligonga mara mbili. Akigonga nilijua naweza kuinuka, ninywe uji, nimnyonyeshe mtoto wangu. Asipogonga nilijua bado kuna kazi, na Kerubo alikunja tena mikono yake akisema, "Mzee hajaridhika."

Mvua za mwaka ule zikapita, mimi nikiwa bado kwangu. Habari za kunirudisha kwetu zilikufa zenyewe, hakuna aliyezizika. Siku moja nikaona kikombe changu kimeoshwa na kuwekwa pamoja na vingine. Nikakitia chai, nikanywa.

Masikio yake, jamani. Watu husifu macho ya fulani au mkono wa fulani; huyu Mungu alimpa masikio. Aliweza kusimama njiani akakwambia nani ndani ya nyumba ana mafua tu na nani ana kitu cha kupelekwa hospitalini leo leo, na watu walijifunza kutombishia. Siku moja lori la kubeba majani ya chai lilikwama kwenye mwinuko wa kupanda kwetu, linanguruma na kukatika, linanguruma na kukatika. Dereva na utingo wake wamechafuka mpaka kwenye viwiko. Dresa akapita na jembe begani, akasimama, akasikiliza. "Lina makohozi," akasema, akaendelea na safari. Watu wakacheka kweli. Dereva akafungua bomba la mafuta, akakuta uchafu mweusi umeziba. Tangu siku hiyo utingo alimpigia saluti kila walipokutana, na Dresa alikasirika kila mara.

Ukali wake ulikuwa wa hakika. Mtu akimeza makohozi mbele yake ilikuwa kama amemtukana mama yake. "Toa, usimeze! Hiyo si mali, usiiweke akiba." Alimkatiza mzee wa kanisa katikati ya maombi, mbele ya waumini wote: "Maliza kukohoa kwanza, Bwana anakusubiri." Aliamuru moto wa kupikia uondolewe kwenye chumba nilicholala, ujengewe kibanda chake nje, na mama mkwe akanuna majuma mawili, maana tangu lini mwanamke akapika nje kama mchunga ng'ombe? Aliniagiza ninywe maji ya moto nusu lita kila asubuhi. Aliagiza kopo lifunikwe, majivu yamwagwe ndani yake, na yaliyomo yazikwe shimoni mbali na kisima. Na siku moja Kerubo alipoona uzi wa damu ndani ya kopo akapiga kelele, sauti ya nje ikawa ya upole ambayo hatukuijua. "Acha kupiga. Mkalishe. Mwambie asiogope. Leo atapumzika, na kama damu itaongezeka nitampeleka mjini mwenyewe." Haikuongezeka. Lakini alikaa nyuma ya ukuta wangu mpaka saa sita mchana, ameketi juu ya jiwe, na maua yake ya pareto yakanyauka shambani bila kuchumwa.

Sasa kiko. Dresa alikuwa Msabato wa ubatizo, na kabla ya ubatizo alikuwa mvutaji wa kutisha. Alipotoka majini aliacha tumbaku siku hiyo hiyo, kabisa, lakini kiko hakukiacha. Alikinyonya kikiwa kitupu kwa miaka yote niliyomjua. Alikisafisha kwa unyoya wa kuku, akakiweka mdomoni akifikiri, akakitoa akitaka kusema. Kanisani walimuuliza kuhusu jambo hilo. Akawapa kiko wakinuse mmoja mmoja. Wakanusa, hakikunuka chochote isipokuwa sabuni, na jambo likaisha hapo. Mimi nadhani alikuwa akitamani tumbaku kila siku ya Mungu. Mtu aliyejua mapafu kuliko sisi sote, na roho yake bado ikadai moshi. Nilimpenda zaidi kwa hilo.

Kuhusu Sabato vilevile palikuwa na maneno. Kerubo alipiga mgongo wangu Jumamosi kama siku nyingine, na sauti ya po po po ilisikika hadi kwa jirani aliyekuwa mkali wa sheria kuliko mchungaji. Akampelekea Dresa mashtaka kwamba tunafanya kazi siku ya Bwana. Dresa akamuuliza, "Wewe leo umepumua?" Jirani akasema ndiyo. "Ukapumua mara ngapi?" Jirani akaanza kuhesabu kwa vidole. "Basi umefanya kazi kuliko Kerubo. Nenda ukatubu."

Nisimpake asali tu. Alikuwa na mapungufu na baadhi yake yaliniudhi. Alikuwa hasikii ushauri wa mtu. Akinyeshewa alitembea na nguo zile zile mpaka zikauke mwilini, yeye aliyetukemea sisi tukitoka nje na kichwa kilicholowa. Akikohoa mwenyewe alisema ni vumbi. Na mke wake, mama mmoja mfupi mwenye ulimi wa pilipili, hakumwamini hata siku moja. Aliita kazi ile "ngoma za hospitali". Kisimani alituambia wanawake, mbele yangu, "Mzee wangu aliajiriwa afunge vidonda, sasa anafundisha watu kupiga wake wa wenzao." Tulicheka mpaka mitungi ikamwagika. Lakini nyumbani kwake Dresa hakuwa na mtu wa kumsikiliza, na nadhani ndiyo sababu alipenda kusimama nyuma ya ukuta wangu.

Maneno ya yule mama kisimani yalikaribia kuwa kweli kwa njia ambayo hatukuitarajia. Kerubo aliolewa mbali, huko Masimba. Nilifurahi kwa ajili yake, na nilishikwa na hofu kwa ajili yangu, maana mikono yangu ilikuwa inaondoka. Kwa bahati mume wangu alikuwa amerudi kutoka Kericho kulima chai yetu wenyewe. Kerubo akamfundisha kaka yake kwenye gunia lile lile. Mume wangu ni mtu mpole, lakini mkono wake ulikuwa umezoea panga na jembe. Po yake ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde.

Majirani wa ng'ambo, wasiojua habari za Kerubo, wakaanza kuhesabu asubuhi. Wakasikia mapigo, kisha mimi nakohoa na kulia haa, haa. Kisha, jambo la ajabu, wakaniona natoka nje natabasamu, nafagia uwanja nikiimba. Wakasema mwanamke huyu amepigwa mpaka akili imeruka. Na kwa sababu kwetu mke wa mtu haulizwi mambo ya ndani, hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza mimi! Walienda moja kwa moja kwa wazee wa ukoo. Jumapili moja wazee saba wakaketi uwanjani kwa baba mkwe, ambaye kwa ensoni hakuweza kuwasimulia mambo ya chumba changu, mume wangu akaitwa mbele yao na kuambiwa aeleze kosa la mke wake ni nini hata apigwe kila siku kabla ya uji.

Mume wangu, maskini, akapigwa na butwaa. "Namtoa makohozi," akasema.

"Kwa kumpiga?"

"Ndiyo."

Hapo ndipo alipojiharibia kabisa. Wakaanza kuzungumza faini ya mbuzi. Mimi nilikuwa jikoni nacheka nimejiziba mdomo kwa leso, maana kucheka kwa nguvu mbele ya wazee lilikuwa kosa la pili. Dresa akaitwa. Akafika na koti lake, akasikiliza mashtaka yote akinyonya kiko, akamtazama mwenyekiti wa wazee, mtu mnene aliyekuwa akikoroma kila anapovuta pumzi.

"Wewe ulilala vizuri jana?"

"Nililala nimeketi. Kifua."

"Inama."

Wote wawili ni wa rika moja, hakuna mpaka. Mwenyekiti akainama kwenye kiti chake mbele ya mahakama yake mwenyewe, na Dresa akampiga mbavu kwa vikombe viwili, kulia na kushoto, muda mrefu, uso hauna hata dalili ya mzaha. Hiyo ndiyo mara pekee niliyoiona mikono yake ikifanya kazi yenyewe. Ilikuwa myepesi, inaruka tu, ikadunda sawasawa bila kuchoka. "Haa," akaamuru. "Haa," akajibu mwenyekiti. Akakohoa, akatema migombani, akarudi, akavuta pumzi, akatutazama sote kama mtu aliyeamshwa.

"Faini ya mbuzi imefutwa," akasema. "Kijana, kesho upite kwangu."

Miaka ikapita. Mume wangu alilainisha mkono. Moraa akakua, na alipofika umri wa kwenda darasa la tano naye akajifunza kunipiga mgongo, akanitania kwamba mimi ndiye mama pekee Manga anayechapwa na mtoto wake. Dresa akawa haji tena kuelekeza, hakukuwa na haja. Ila alipopita njiani asubuhi alisimama kidogo nyuma ya ukuta, na akiridhika aligonga. Ko, ko. Nilizaa watoto wengine wawili na nikafundisha darasa la kwanza kwenye shule ya karibu. Watoto wa watu walinijua kwa kopo langu lenye kifuniko, na hawakuniogopa.

Halafu ukaja msimu wa mvua ambao Dresa alienda kufunika pareto yake iliyoanikwa, mvua ya mawe ikamkuta huko, akafunika pareto yote kwanza ndipo akajifunika mwenyewe. Siku ya tatu akashikwa na homa ya mapafu. Alipelekwa hospitali ya Nyamira akachomwa sindano siku nyingi. Homa ikashuka, wakamrudisha. Lakini alirudi mdogo, nguvu ya kukohoa hana, na kifua kimejaa. Aliyemhudumia alimwambia mke wake wazi: homa imekwisha, ila makohozi haya yasipotoka, atazama nayo.

Mke wake akaja kwangu mchana, peku, leso imeloa. Yule mwenye ulimi wa pilipili. Akasimama mlangoni, hakuingia.

"Mama Moraa. Zile ngoma za hospitali, bado mnazijua?"

Mume wangu hakuweza kumgusa, ni mtoto wake kwa ukoo. Mimi ndiyo kabisa. Wanawe wa kuzaa walikuwa mbali, na hata wangekuwepo mpaka ulikuwa ule ule. Nikamtazama Moraa. Alikuwa na miaka kumi na minne, na yeye kwake ni mjukuu.

Tulikimbia. Moraa akaingia na bibi yake mpaka chumba cha ndani, ambacho mimi sikuruhusiwa kufika. Mimi nikazunguka nyuma ya nyumba, kwenye matope na majani ya migomba, nikatafuta mahali kitanda kilipo. Nikaweka sikio ukutani.

Jamani, nilisikia. Udongo ulikuwa baridi shavuni mwangu na ndani yake nilisikia kila kitu: pumzi fupi, fupi, na chini yake mkoromo wa maji, upande wa kulia zaidi kuliko wa kushoto. Hivi ndivyo alivyonisikia miaka yote hiyo. Sikuwahi kujua kwamba nilikuwa nasikika kwa ukaribu namna ile. Nikaogopa sana kumpoteza.

"Moraa! Kiuno juu, wekeni gunia la nguo chini yake. Alale ubavu wa kushoto."

"Babu, umekuwa mwepesi, hata mbuzi anakushinda," nikamsikia Moraa akimtania. Pwaa, pwaa.

"Kikombe, Moraa! Hicho ni kofi. Kikombe!"

Po, po, po. "Panda kidogo. Umepita, rudi." Nilisikia maneno yake yakitoka mdomoni mwangu. Tukapiga muda mrefu. Mvua ikaanza tena, ikanimwagikia mgongoni, sikutoka. Mke wake akaanza kuomba kwa sauti, nikamwomba aombe kimya ili nisikie. Nikasema, "Sasa avute pumzi. Atoe mdomo wazi. Haa."

Hakuna kitu. Hewa tu.

"Tena. Mwambie anisikie. Mwambie ni mimi nasema. Haa!"

Haa, nikasikia. Dhaifu. Haa. Kisha kikohozi kimoja, kirefu, cha kutoka chini kabisa, mahali ninapopajua. Kingine. Moraa akapiga kelele, "Yanatoka, mama! Mengi!" Nikasikia akimshika, akimwinamisha, kopo likigonga kitanda. Tukamgeuza upande wa pili, tukaanza upya. Yakatoka na huko.

Halafu kukawa kimya. Moraa hakusema kitu, bibi yake hakusema kitu. Mimi nikabana sikio ukutani na kuzuia pumzi yangu mwenyewe ili nisikie yake. Sikusikia mkoromo wowote. Nikafikiri, basi, tumemuua.

Kidirisha kilikuwa juu ya kichwa changu, mbao zilizochakaa. Kutoka ndani, polepole, kikagongwa kwa kiko: ko, ko.

Nikajifuta uso kwa leso, nikashika njia ya kwenda nyumbani kupika uji. Sikuaga.